Faiwoli ya kompyuta ya nyumbani imejifunga na haikubali kubadilishwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila siku kutoka kwa watu wa Dar wenye kompyuta nyumbani, wengi Windows 10 au 11, wengi wamenunua mashine iliyoshatumika, na shida yao inafanana: anafungua faiwoli abadilishe kitu, anakuta vitufe vimefifia rangi ya kijivu, havibonyezeki. Tumeanza na ya msingi, yale ya kuumiza kichwa yako chini. Kama una haraka ruka mpaka swali la 4, hilo ndo linakuonyesha pa kwenda. Maneno ya kwenye skrini yameachwa yalivyo kwa sababu mashine nyingi huku ziko kwa Kiingereza, yakitafsiriwa hutayaona popote.

## Mambo ya msingi

1. Hivi faiwoli inafanya nini hasa, na nyumbani naihitaji kweli?

Inakagua kinachotaka kuingia na kutoka kwenye kompyuta yako kupitia mtandao. Faiwoli ya Windows kwa kawaida inaruhusu kinachotoka, ila kinachoingia bila kuitwa inakizuia mpaka iwepo sheria ya kukiruhusu. Imekuja ikiwa imewashwa yenyewe tangu Windows XP Service Pack 2 ya mwaka 2004.

Na ndiyo, unaihitaji, hasa Dar. Nyumba nyingi za kupanga Sinza, Tabata, Kimara huko, wapangaji wanachangia wifi moja, na hosteli za wanachuo ni hivyo hivyo, watu kibao kwenye ruta moja. Maana yake laptopu ya jirani usiyemjua iko mtandao mmoja na yako, na ikiwa na kirusi ruta haikukingi kabisa kwa sababu kirusi hakipiti nje, kinatoka chumba cha pili. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kwa staili hiyo hiyo, kutoka mashine hadi mashine kupitia poti (mlango wa mtandao wenye namba) 445 ya kushea mafaili, wakati Microsoft walishatoa kiraka (sasisho la kuziba tundu) tangu Machi mwaka huo.

2. Kufungwa na kuzimwa ni kitu kimoja?

Hapana, na watu wengi wanachanganya hapa wanaishia kufuata maelekezo yasiyowahusu. Imefungwa ni pale faiwoli inaweza kuwa imewashwa au imezimwa lakini we huruhusiwi kubadilisha, vitufe vya kijivu. Imekufa ni pale kitufe kinabonyezeka ila ukibonyeza inakuletea kosa lenye namba kama 0x80070422. Iliyofungwa endelea na swali la 4, iliyokufa nenda moja kwa moja swali la 10.

Halafu kuna hali ya tatu, haijafungwa wala haijafa, mtu ameweka tiki kwenye "Block all incoming connections". Hapo kila kinachoingia kinakataliwa hata ulichoruhusu mwenyewe kwenye orodha. Toa tiki, umemaliza.

3. Kompyuta ni yangu, nimenunua kwa hela yangu, mbona inasema mipangilio inasimamiwa na "administrator" au "organization"?

Kwa sababu Windows haijui nani alilipa hela. Inachoangalia ni kama kuna sera (agizo linalolazimisha mpangilio ubaki vile vile) iliyoandikwa ndani yake, ikiikuta inaonyesha ile meseji, haijalishi sera imeandikwa na kampuni, na antivairasi, na programu ya kukraki au na fundi aliyekuwa anajaribu mambo. Kwa hiyo meseji peke yake haimaanishi umedukuliwa, usipaniki.

Ila ishike hii: kufuli halijiweki lenyewe. Kuna aliyeliweka, na ukimjua huyo nusu ya kazi imeisha. Ukianza kufuta futa vitu kabla hujamjua, leo itafunguka na kesho ukiwasha utakuta imejifunga tena.

## Nani kafunga?

4. Nianzie wapi kutafuta?

Nenda kwa mpangilio huu maana unaanza na rahisi: akaunti yako ina mamlaka au haina (swali la 5), kuna antivairasi nyingine imeshika faiwoli (la 6), mashine bado imeunganishwa na kampuni au shule (la 7), kuna sera imebaki ndani (la 8). Vyote vikiwa safi, waza huduma iliyokufa, yaani programu ya Windows inayojiendesha kichinichini (la 10), au kirusi (la 12).

Kabla ya yote ristati kompyuta mara moja, na uichague Restart kabisa, maana ukifanya Shut down halafu ukawasha, Windows 10 na 11 mara nyingi hazianzi upya kikamilifu kwa sababu ya Fast Startup.

5. Nitajuaje kama akaunti yangu ndo haina mamlaka?

Fungua Settings, Accounts, Your info. Chini ya jina lako ikiandika Administrator uko sawa. Isipoandika hivyo we ni mtumiaji wa kawaida, na faiwoli itakugomea ndivyo ilivyotengenezwa. Njia nyingine, fungua Command Prompt (dirisha la kuandika komandi, litafute kwenye Start) andika `net localgroup administrators`, itakupa orodha ya wenye mamlaka.

Hii inatokea sana kwenye kompyuta ya familia, kaka mkubwa alifungua akaunti ya kwanza akaenda zake Dodoma, waliobaki wote wanatumia akaunti za kawaida. Mpigie simu akupe paswedi, huna haja ya kutafuta njia za panya. Na mashine ikishatengemaa, ile akaunti ya watoto iache iwe ya kawaida hivyo hivyo, ni ulinzi mzuri na haugharimu kitu.

6. Nina Kaspersky (au Avast, au ESET), inahusika?

Inahusika sana. Antivairasi zenye faiwoli yake zinaiambia Windows ikae pembeni, na ukifungua ukurasa wa faiwoli kwenye Control Panel utasoma "These settings are being managed by vendor application" ikifuatiwa na jina la programu. Hiyo siyo hitilafu. Mipangilio yako iko ndani ya antivairasi, kabadilishie huko.

Shida inakuja pale leseni imeisha. Mtu alinunua ya mwaka mmoja, mwaka ukapita, programu bado imekaa imeshikilia faiwoli na pengine haimlindi tena ipasavyo. Ama lipia ama itoe. Ukiitoa kwa njia ya kawaida na kufuli likabaki, daunilodi kifutio cha kampuni yenyewe, Kaspersky wana kavremover, Avast wana Avast Clear, McAfee wana MCPR, ESET nao wana chao na wanataka ukiendeshe ukiwa Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu). Ichukue kwenye tovuti ya kampuni husika tu. Ukishamaliza na kuristati, faiwoli ya Windows kawaida inarudi yenyewe.

Antivairasi mbili kwa pamoja sishauri hata kidogo, zinagombana na mashine inakuwa nzito.

7. Laptopu nimenunua Kariakoo, imetoka ofisini Ulaya. Inawezekana bado ni ya kampuni?

Inawezekana kabisa, na kwa Dar hili liko juu sana kwenye orodha. Zile laptopu nzuri za bei nafuu nyingi zilikuwa za maofisi, na ofisi zinafunga faiwoli ili mfanyakazi asiizime. Kama muuzaji hakupiga Windows upya, au alifuta akaunti tu akaongeza mpya, sera za kampuni zinabaki humo humo.

Angalia sehemu mbili. Ya kwanza Settings, Accounts, Access work or school: ukikuta akaunti ya kampuni au shule usiyoijua, hapo pana kufuli. Ya pili, kwenye Command Prompt andika `systeminfo` utafute mstari wa Domain. Ya nyumbani inaandika WORKGROUP, ikiandika jina la kampuni basi mashine bado ni mwanachama wa domeni yao (mtandao ambao kampuni inasimamia mashine zake zote). Pia `dsregcmd /status` inakuonyesha kwenye AzureAdJoined kama imeungwa na akaunti za kampuni za mtandaoni, YES au NO.

Ukikuta hivyo ushauri wangu ni mmoja, usihangaike kung'oa sera moja moja, hifadhi mafaili yako halafu piga Windows upya kutoka kwenye flashi uliyotengeneza kwa zana ya Microsoft. Hujui wameacha nini kingine, kunaweza kuwa na programu ya kuingia kwa mbali, na kwenye mashine hiyo hiyo we unaingia benki. Ukipiga na bado inakutajia kampuni, soma swali la 17.

8. Siyo akaunti, siyo antivairasi, siyo kampuni. Sera inaonekana wapi?

Fungua Command Prompt kama administrator (bonyeza kulia, Run as administrator), andika `gpresult /h C:\ripoti.html`, halafu fungua hilo faili kwa brauza. Litakuonyesha sera zilizopo na zimetoka wapi, ukiona "Local Group Policy" ujue imewekwa hapo hapo kwenye mashine yako.

Ila sera iliyochomekwa moja kwa moja kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake ya ndani) haitokei kwenye hiyo ripoti, na hivyo ndivyo programu za kukraki na zile za "kuongeza spidi" zinavyofanya. Kwa hiyo fungua `regedit`, nenda `HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\WindowsFirewall`. Kwenye kompyuta ya nyumbani ambayo haijaguswa, kawaida folda hiyo haipo au haina kitu cha maana. Ukikuta ndani kuna StandardProfile, PublicProfile au DomainProfile zenye EnableFirewall, umempata mchawi. Thamani 0 inailazimisha izimwe, 1 inailazimisha iwashwe, zote mbili zinakufungia kitufe.

## Kufungua

9. Naiondoaje hiyo sera?

Fanya hivi kama mashine ni yako na siyo ya ofisi (ya ofisi soma la 16). Kwanza tengeneza restore point (alama ya kuirudisha Windows ilivyokuwa ukiharibu kitu): andika `sysdm.cpl`, tabu ya System Protection, bonyeza Create, na kama ulinzi umezimwa uwashe kwanza. Kisha kwenye regedit bonyeza kulia folda ya WindowsFirewall ya swali la 8, chagua Export uihifadhi pembeni, ndipo uifute. Hiyo moja tu, usifute Policies nzima kwa hasira.

Kama una Windows Pro na sera imewekwa kwa Local Group Policy, fungua `gpedit.msc`, Computer Configuration, Administrative Templates, Network, Network Connections, humo utakuta Windows Defender Firewall, rudisha kila kilichobadilishwa kwenye Not Configured. Windows Home haina gpedit, kuna watu wanahangaika kuitafuta wanaishia kudaunilodi vitu vya ajabu, tumia regedit inatosha. Maliza na `gpupdate /force` halafu ristati.

Ikijirudi baada ya siku moja mbili, kuna programu inaiandika upya. Nenda la 12.

10. Kitufe kinabonyezeka ila inaleta kosa 0x80070422 au 0x80070424. Hizo ni nini?

Ya 422 inasema huduma imelemazwa. Ya 424 inasema huduma haipo kabisa, imefutwa, na hiyo ni mbaya zaidi, virusi kama ZeroAccess vilikuwa na tabia ya kufuta huduma za ulinzi za Windows.

Faiwoli inategemea huduma mbili, Windows Defender Firewall ambayo jina lake la ndani ni mpssvc, na Base Filtering Engine yaani BFE. BFE ikilala faiwoli haiwezi kuamka hata ufanyeje, ndo maana anza nayo. Ukizifungua kwenye `services.msc` utakuta nazo sehemu ya kubadilisha imefifia, hiyo ni kawaida kwenye Windows za sasa, siyo dalili ya kirusi. Pita kwenye rejista: `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\BFE` na `mpssvc`, angalia Start, inatakiwa iwe 2. Ukikuta 4 mtu ameilemaza, iweke 2 kwenye zote mbili halafu ristati.

Kama bado, mafaili ya Windows yenyewe yanaweza kuwa yameharibika, na mashine isiyo na betri nzuri kwa umeme wetu huu wa kukatika ghafla inaharibika kirahisi. Kwenye Command Prompt ya administrator endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, ikimaliza `sfc /scannow`. Hiyo DISM inaweza kuvuta mafaili kutoka Microsoft, kwa hiyo kama unatumia bando la simu hakikisha lipo la kutosha isije ikakatika katikati. Kwa kosa la 424, zikishindwa hizo usipoteze wiki nzima, piga Windows upya.

11. Ile komandi ya `netsh advfirewall reset` inafungua kufuli?

Haifungui kufuli la sera. Inarudisha sheria zako kama zilivyokuwa mwanzo, na sera ikiwepo inabaki pale pale. Ni nzuri ukishatoa sera na unataka kuanza na ukurasa safi, lakini itafuta ruhusa zote ulizowahi kuweka, printa, gemu, kamera, utaziruhusu upya. Hifadhi kwanza: `netsh advfirewall export "C:\faiwoli.wfw"`.

12. Fundi aliniwekea Windows ya kukraki, au nilitumia activator (programu ya kuaktiveti Windows bila kulipia). Inaweza kuwa ndo sababu?

Inaweza. Activator nyingi zinakuambia uzime antivairasi kabla hujaziendesha, na hapo umempa mamlaka yote mtu usiyemjua. Zingine kweli zinaaktiveti na kunyamaza, zingine zinazima Defender (antivairasi ya Windows yenyewe), zinafunga faiwoli na kuacha kitu kinachojiendesha kila ukiwasha. Wewe kwa nje huwezi kuzitofautisha, na hilo ndo linanisumbua kuona wanafunzi wanashea hizi kwenye magrupu ya WhatsApp kama pipi.

Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajizima na kuwaka, itajikagua kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi. Kama ukurasa huo nao umefungwa, au kufuli linarudi baada ya usafi, usiiamini tena hiyo mashine: hamisha nyaraka na picha tu, acha mafaili ya .exe, piga Windows safi, halafu badilisha paswedi zako ukitumia kifaa kingine.

13. Fundi mwingine kasema dawa ni kuizima kabisa faiwoli. Nimsikilize?

Usimsikilize, hata kama ni mtu wako. Ukiisimamisha huduma ya mpssvc Microsoft wenyewe wanasema menyu ya Start inaweza kugoma na apu za Store zikashindwa kuinstoliwa au kusasishwa, mbali na hatari ya swali la 1. Kama programu fulani inazuiwa, iruhusu hiyo hiyo: "Allow an app through firewall", itafute, weka tiki kwenye Private, mengine yaache.

## Mtandao wa nyumbani

14. Faiwoli imefunguka lakini kompyuta mbili hazionani na printa haisheiki.

Angalia kwanza mtandao umewekwa Public au Private. Kwenye Public, Windows inajificha isionekane na vifaa vingine, kwenye Private inakubali kuonekana. Settings, Network & internet, properties za wifi yako, hapo unachagua. Chaguo likiwa halipo au limefifia, fungua PowerShell kama administrator uandike `Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Wi-Fi" -NetworkCategory Private`. Kisha washa Network discovery na File and printer sharing.

Private ni kwa nyumba ambayo wote waliomo unawajua. Wifi ya kuchangia na wapangaji, ya mgahawa Mikocheni, ya hosteli, iache Public na printa uipeleke kwa waya wa USB.

Na kuna kosa moja wenye steshenari za nyumbani wanakutana nalo sana, ukishea printa inaleta 0x000006D9. Watu wanabadilisha draiva mpaka wanachoka kumbe huduma ya faiwoli imezimwa. Iwashe kama swali la 10, utashea.

15. Nimefungua poti kwenye kompyuta na kwenye ruta ila kamera bado siioni nikiwa kazini. Faiwoli tena?

Mara nyingi hapana. Ingia kwenye ruta, anwani huwa 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1, angalia imepewa IP (anwani ya mtandao) gani upande wa nje. Ikianzia 100.64 mpaka 100.127, au ikiwa haifanani na ile inayoonyeshwa na tovuti za kukuambia IP yako, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hapo hata ufungue poti zote hakuna kitakachoingia. Ruta za laini ya simu ziko hivyo sana. Uliza mtoa huduma kama anatoa IP ya peke yako, au tumia apu ya kamera inayopita kwenye seva ya mtengenezaji. Ukimaliza zifunge hizo poti ulizofungua, usiziache wazi bure, hasa 3389 ya Remote Desktop (ya kuendesha kompyuta kutoka mbali).

## Yale ya pembeni

16. Laptopu ni ya ofisi ila nafanyia kazi nyumbani. Naweza kutumia njia za swali la 9?

Usifanye. Aliyefunga anajulikana na ana haki ya kufunga, na sera ya domeni itajirudisha yenyewe hata hivyo. Waandikie watu wa IT uwaambie hasa unachotaka, "nahitaji kuprinti kwenye printa yangu ya nyumbani" wanaelewa na kukufungulia hicho tu, kuliko kuwaambia "nifungulieni faiwoli", hapo watakukatalia mchana kweupe.

17. Nimepiga Windows upya, nikaunga wifi, ikaniletea jina la kampuni na kutaka emaili ya kazini. Kivipi?

Hiyo mashine imesajiliwa kwenye Windows Autopilot, mfumo wa Microsoft ambao kampuni inautumia kuandaa mashine zake. Usajili hauko kwenye diski, uko kwa Microsoft kwa utambulisho wa vipuri vya mashine yenyewe, ndo maana kupiga Windows hakusaidii. Wa kuutoa ni kampuni iliyosajili. Kuna watu watakuambia piga bila intaneti, inaweza kupita, lakini siku ukiiriseti kampuni inarudi tena na bado umekaa na mashine ambayo pengine haikutoka kihalali.

Irudishe dukani na risiti. Na kwa anayekwenda kununua leo: mwombe muuzaji aiwashe kwenye skrini ya kuanza upya, uunge hotspoti ya simu yako pale pale kaunta, ikikuletea jina la kampuni usitoe hela.

18. Natumia Mac, kufuli la pembeni haliondoki.

Kwenye macOS za zamani lile kufuli chini kushoto ni la kawaida, libonyeze uweke paswedi ya admini. Kama imeandika kwamba mpangilio umewekwa na profaili, tafuta Profiles kwenye System Settings uone ni ya nani, ikiwa ya kampuni hali ni ile ile ya la 7 na la 17. Mac kawaida inakuja faiwoli ikiwa imezimwa, kwa hiyo ukishapata mamlaka iwashe.

19. Bado niko Windows 10, faiwoli yake bado inafanya kazi?

Inafanya kazi. Ila masasisho ya bure ya kawaida yaliisha 14 Oktoba 2025, na watu wa nyumbani wanaojisajili kwenye mpango wa nyongeza wanapata viraka vya usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Faiwoli inazuia mlango wa mtandao tu, haizibi tundu lililo ndani ya Windows yenyewe, kwa hiyo kama mashine yako inakubali Windows 11 hamia, kama haikubali jisajili upate hivyo viraka kwanza.